Shilingi 30,000 na Dirisha la Dawa

Leo nataka tuzungumze juu ya shilingi 30,000. Mwaka 2018, ulipoanza Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF iliyoboreshwa, hicho ndicho kiasi ambacho kaya ya watu wasiozidi 6 huku mikoani ilitakiwa kulipa kwa mwaka, ili itibiwe kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Gawanya kwa watu 6, unapata shilingi 5,000 kwa kichwa, mwaka mzima. Kuku mmoja wa kienyeji mnadani anauzwa zaidi ya hapo. Na bado kaya nyingi hazikulipa. Wakati sheria ya bima ya afya kwa wote inajadiliwa bungeni, Watanzania wenye bima ya afya ya aina yoyote walikuwa takriban 15 katika kila 100.

Ukiuliza sababu, jibu linalotolewa kwenye semina na warsha ni lile lile: wananchi hawana mwamko, elimu zaidi itolewe. Jibu hilo mimi silikubali, na naomba nieleze kwa nini.

Mtanzania anaijua bima. Ingia mtaa wowote wa Mwanza, Tabora au Mbagala, utakuta chama cha kufa na kuzikana. Watu wanachanga kila mwezi, katibu ana daftari, anayechelewa anatozwa faini, na anayeacha kuchanga anajua akifiwa atabaki na ndugu zake tu. Hakuna afisa aliyewaendea na vipeperushi. Wanachanga kwa sababu wameona kwa macho: mtu amefariki saa nane za usiku, na kabla jua halijapanda turubai limefungwa, viti vimepangwa, masufuria yako mafigani, hela ya jeneza imetolewa. Jirani asiye mwanachama anayaona yote hayo, na wiki inayofuata anakwenda kwa katibu kuandikishwa. Basi tujiulize vizuri. Mtu huyu huyu, mwenye nidhamu ya kulipia msiba ambao hajui utakuja lini, anasita nini kulipia matibabu ambayo ana uhakika atayahitaji kabla mwaka haujaisha?

Kabla ya kujibu, tuelewane kwanza ugonjwa unaifukarisha kaya kwa njia gani. Wengi wetu tukisikia gharama za matibabu tunafikiria upasuaji mkubwa, au mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara 2 au 3 kwa wiki. Hayo yapo, na yanaangamiza familia. Lakini kaya nyingi zinaliwa polepole, na presha ya bibi, na kisukari cha baba, na pumu ya mtoto. Ni dawa ya kila mwezi, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na siku ya kazi iliyopotea mara mbili, kwa mgonjwa na kwa anayemsindikiza.

Chukua kaya ya wakulima wilayani Igunga, mkoani Tabora, wanaolima mpunga na alizeti. Baba anaugua mwezi wa pili, shamba linadai palizi na ghalani yamebaki magunia ya kuhesabu. Kwanza inatoka akiba ya kwenye kibubu. Kisha wanauzwa kuku, kisha mbuzi, na mnunuzi akishajua nyumba ina mgonjwa hapandishi bei. Baada ya hapo unauzwa mpunga ambao bado uko shambani, kwa mfanyabiashara anayelipa leo kidogo ili avune kesho kingi. Na pale ambapo hakuna tena cha kuuza, wanaingia kwenye mikopo ambayo wenyewe wameiita kausha damu, riba yake inahesabiwa kwa siku au kwa wiki, rehani yake kitanda, runinga, cherehani ya mama. Baba anaweza kupona kabisa. Msimu unaofuata kaya hiyo haina mbegu, haina hela ya kukodi plau, na mtoto wa kidato cha pili amerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule. Ukiwatembelea miaka 2 baadaye ukauliza umaskini wao ulianzia wapi, hawatakwambia ukame wala bei ya alizeti. Watakutajia ule mwezi wa pili.

Na kuna umaskini mwingine ambao takwimu hazioni. Kwa miaka mingi wataalamu wa afya na uchumi duniani wamekuwa wakipima jambo hili kwa kuangalia kama gharama za matibabu zimezidi asilimia 10 ya matumizi yote ya kaya. Ni kipimo kizuri, lakini kina tundu. Mama mwenye uvimbe kwenye titi anayekaa nyumbani mwaka mzima na mitishamba kwa sababu hana hela ya kwenda hospitali ya mkoa, kwenye jedwali hilo ametumia karibu sifuri. Kaya yake inahesabiwa kuwa salama. Atakapofika hospitali uvimbe utakuwa umetoka kidonda, na hapo jedwali litamwona, lakini daktari atakuwa amebaki na machache ya kumfanyia. Kwa hiyo mtu akikwambia matumizi ya matibabu vijijini ni madogo, usifurahi haraka. Muulize ni wangapi waliugua na hawakwenda.

Bima inaweza kubadili haya? Ndiyo, na upo ushahidi mzuri. Mwaka 2008 jimbo la Oregon huko Marekani lilikuwa na nafasi chache za Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini. Walioomba walikuwa takriban 90,000. Jimbo likaamua kupiga kura ya bahati nasibu, na watafiti wakapata nafasi ambayo ni nadra kuipata: kuwalinganisha waliopata na waliokosa, watu wa hali moja, waliotenganishwa na kura peke yake. Katika miaka 2 ya kwanza, gharama zile za kukomba kipato cha mtu zilikaribia kutoweka kwa wenye bima. Madeni ya matibabu yalipungua. Sonona ilipungua. Lakini kwenye presha na sukari ya damu hawakuona tofauti ya kutegemewa.

Wapo waliolishika hilo la mwisho wakasema, mnaona, bima haiponyi mtu. Mimi nalisoma hivi: bima kwanza inalinda mali ya kaya na usingizi wa mama mwenye nyumba, na hilo peke yake ni jambo kubwa. Presha haishuki kwa kuwa na kadi. Inashuka kwa kidonge kinachomezwa kila siku, mwezi baada ya mwezi, na mhudumu anayemfuatilia mgonjwa. Kadi inamfikisha mtu hadi mbele ya mhudumu. Je, mhudumu ana nini cha kumpa?

Hapo ndipo tunarudi kwetu. Uchangiaji gharama katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya matibabu bila malipo. Miaka 3 baadaye, mwaka 1996, wilaya hiyo hiyo ya Igunga ikawa ya kwanza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, na mwaka 2001 ikatungwa sheria ya kuusambaza nchi nzima. Ndani yake kulikuwa na wazo zuri sana, tele kwa tele: kila shilingi anayochanga mwananchi, serikali kuu inaongeza shilingi. Lakini kadi ile ya zamani ilikuwa imefungwa kwenye kituo ulikojiandikishia. Mama aliyeshindwa kujifungua akapelekwa hospitali usiku, alikuta kadi yake imeishia zahanati. Yaani mfuko ulimlinda kwenye malaria ya shilingi elfu chache ukamwacha kwenye upasuaji. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 ililirekebisha hilo kwa kuifikisha kadi hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na waliofanya kazi ile wanastahili shukrani.

Kilichobaki ni dirisha la dawa.

Nimekaa kwenye mabenchi ya zahanati za vijijini, na nadhani wengi mnaonisikiliza mmekaa. Mama ana mtoto mgongoni, kadi ya bima iko pamoja na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa fundo isilowe. Amefika saa 1 asubuhi. Mtoto amepimwa, ameandikiwa dawa 3. Mama anasogea dirishani, anapewa panado. Dawa mbili zilizobaki mhudumu anazizungushia duara kwa kalamu, anamrudishia karatasi: hizi utanunua nje. Mama hageuki mara moja. Anasimama pale, anaisoma ile karatasi kana kwamba ikisomwa vizuri itasema kitu kingine. Kisha anavuka barabara kwenda duka la dawa muhimu, anaambiwa shilingi 8,000, anakunja kanga, anauliza kama anaweza kuchukua nusu dozi.

Nusu dozi, jamani, ya mtoto mwenye nimonia.

Pembeni yake alikuwepo baba asiye na bima kabisa. Alilipa fedha taslimu, akapata panado ile ile, akaelekezwa duka lile lile. Mama akirudi kijijini hana haja ya kuitisha mkutano. Kufikia jioni kisimani wanajua, na kesho yake kwenye kikoba wanajua. Mwakani mwenyekiti wa kitongoji akipita kuhamasisha, wanawake wale watamsikiliza kwa adabu, watamkaribisha uji, na hawatatoa hela. Hiyo siyo kukosa mwamko. Ni hesabu, na imekaa sawa. Chama cha kufa na kuzikana kilileta turubai. Bima ilileta karatasi yenye duara.

Wajawazito nao wanalijua dirisha hili. Kwa sera yetu huduma ya uzazi haina malipo. Lakini ni mama gani wa kijijini anayekwenda kujifungua bila kuambiwa aje na glovu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kulalia? Baba wa mtoto anavinunua kimoja kimoja miezi ya mwisho, anavificha juu ya kabati. Watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza nao wamo kwenye misamaha. Kusamehewa kulipia dawa ambayo haipo hakumsaidii mtu.

Wahudumu wetu sitaki kuwabebesha lawama hizi. Yule aliyezungusha duara hakuiba dawa. Hana dawa, na kila siku anabeba hasira za watu kwa jambo ambalo halikuamuliwa mezani kwake. Na rafu kujazwa inawezekana, tumeshaona. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza utaratibu wa mshitiri, unaoitwa Jazia: Bohari ya Dawa ikikosa bidhaa, vituo vya mkoa mzima vinanunua kwa muuzaji mmoja aliyeshindanishwa, kwa bei iliyokubaliwa kabla, badala ya kila mganga mfawidhi kuhangaika na maduka. Mwaka 2018 utaratibu ukaenea mikoa yote ya Bara. Karibu na wakati huo huo serikali ilianza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya, badala ya kuzipitisha halmashauri. Kwa hiyo zahanati ya leo ina akaunti yake, ina mshitiri, na fedha za bima zikifika kwa wakati zinaweza kuwa dawa ndani ya wiki chache. Zikichelewa, mnyororo wote unakatikia hapo.

Sasa niseme na upande wa pili, maana mfuko nao una maumivu yake. Bima ya hiari ina mtego. Anayeumwa anajiunga haraka, mwenye afya anasubiri. Tuliona kwenye Toto Afya Kadi. Kwa shilingi 50,400 kwa mwaka mtoto alitibiwa hadi hospitali kubwa, na wazazi waliokimbilia kadi hiyo walikuwa hasa wenye watoto wenye matundu ya moyo, sikoseli na saratani. Nani angewalaumu? Mimi ningekuwa na mtoto mwenye sikoseli ningekuwa wa kwanza kwenye foleni. Lakini mfuko ambao wanaoingia karibu wote ni wagonjwa hauwezi kusimama, na mwaka 2023 NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ikataka waandikishwe kwa pamoja kupitia shule. Mzazi wa mtoto mchanga mwenye tundu la moyo akabaki anauliza, mwanangu anasoma shule gani?

Ndiyo maana naiunga mkono kanuni ya wote kuingia. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na ni sheria muhimu. Swali langu ni la fedha na la muda, yaani nani analipia asiyeweza, na anayeweza kidogo analipa lini.

Rwanda walilipitia hili kabla yetu. Walianza majaribio ya mutuelle de santé, bima yao ya afya ya jamii, mwaka 1999, katika wilaya 3, nchi ikiwa bado na majeraha mabichi ya mauaji ya kimbari. Miaka iliyofuata waliivuka asilimia 80 ya wananchi. Yako mambo mengi pale, ikiwemo nguvu ya viongozi wa mitaa ambao idadi ya waliojiunga ilikuwa kwenye imihigo, yaani ahadi zao za utendaji. Lakini mawili ndiyo yananishika. La kwanza, kaya ziligawanywa kwa madaraja ya ubudehe, wanakijiji wenyewe wakishiriki kusema nani ana hali gani, na daraja la chini kabisa lililipiwa na serikali pamoja na wafadhili. Wa madaraja ya kati walichanga faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. La pili, watu walitumia ibimina, vikundi kama vikoba vyetu, kuweka mchango wa bima kidogo kidogo. Mkulima hakulazimika kuwa na hela yote siku moja.

Hilo la pili tusilipite. Kenya wamekutana nalo kwa ukali. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA, mamlaka yao mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya NHIF yao, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hana pa kuchelewea. Muuza mitumba wa Gikomba au mvuvi wa Lamu anapangiwa kiwango chake, kisichopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, lakini akatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Anayekula alichopata leo unamwambia alete ya miezi 12. Baadaye ikabidi ianzishwe Lipa SHA Pole Pole, mkopo wa kulipia bima. Ni afadhali kuliko kumfungia mtu nje, ila mtu wa kipato cha chini ameongezewa deni ili alindwe na madeni.

Kwetu, kaya maskini kabisa tunazo kwenye orodha ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na sheria imetaja vyanzo vya kuzilipia: tozo kwenye vinywaji vyenye gesi, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha. Vizuri. Hofu yangu iko kwa wale wa katikati, na ndio wengi: mama lishe, bodaboda, fundi cherehani, mkulima wa ekari 2. TASAF hawamo, mshahara hawana. Mwaka 2022 muswada ulipofikishwa bungeni mara ya kwanza, kiwango kilichotajwa hadharani kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu 6, na kelele zilizopigwa zilikuwa za haki. Kaya iliyoshindwa kuona thamani ya shilingi 30,000 utaipataje kwenye zaidi ya mara 11 ya hizo? Kundi hili likiachwa nje, ndilo litakalouza mpunga shambani mwezi wa pili, na baada ya miaka michache tutalikuta kwenye orodha ya TASAF.

Na kadi iheshimiwe. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kupinga bei za kitita kipya cha mafao. Sitaingia kwenye bei, kila upande ulikuwa na hoja zake. Lakini watu waliokuwa wamekatwa mishahara yao miezi yote walifika mapokezi na kadi wakaambiwa lete keshi. Mfuko na hospitali wana mikataba na wanasheria wa kuimaliza migogoro yao. Mgonjwa asiwe ndiye anayesimamishwa mlangoni wakati wanavutana.

Nina ombi kwako kabla sijakuaga. Zahanati ya kijiji chako ina kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi, huenda mmoja ni jirani yako. Kamati hiyo ina haki ya kuona akaunti ya kituo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3. Ukifika zamu yake, nenda, simama, uliza mambo matatu: katika robo hii zimeingia shilingi ngapi za bima, zimenunua dawa zipi, na ni dawa zipi zilizokosekana dirishani kwa zaidi ya wiki 1. Usikubali kujibiwa kwamba hesabu ziko wilayani. Akaunti iko kwa jina la zahanati yenu, na taarifa ya benki inaweza kubandikwa ukutani, pale pale karibu na dirisha.